Udongo wa Boma la Zamani

Cherono alinipigia simu Jumanne asubuhi nikiwa kwenye bustani yangu ya mboga hapa Litein, na kwa kuwa siku hizi magoti yangu hayataki mambo ya kuinama na kuinuka, nilimjibu nikiwa bado nimechuchumaa kati ya matuta. "Auntie, mama ametuacha," akasema. Akaniambia mazishi ni Ijumaa, nyumbani kwao Soin, kisha tukawa tunasikiliza kuku waliokuwa wakilia upande wake wa simu. Nilipokata niligundua kwamba mkono wangu wa kulia ulikuwa umeokota donge la udongo na kuliviringisha mpaka likawa kamba nyembamba. Ni tabia ya kazi. Nimefundisha watu kutengeneza vitalu vya chai kwa zaidi ya miaka thelathini, na vidole vyangu hupima udongo hata nikiwa naongea na mchungaji. Asubuhi hiyo niliutupa ule udongo, nikaketi chini na nguo yangu safi, nikalia. Nililia kwa sababu nilimpenda yule mama. Nililia pia kwa sababu tangu nikiwa na miaka ishirini nilikuwa na neno moja fupi la kumwambia, na sasa hapakuwa na wa kuambiwa.

Mwaka ninaousema ulikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, wakati kila mtu kwenye vilima hivi alikuwa anataka chai kwenye shamba lake mwenyewe, si ile ya kwenda kuwachumia wengine kwenye mashamba makubwa. Bwana Kilimo wetu alikuwa mtu wa Kisii aliyeitwa Nyamweya, mrefu, mwenye pikipiki iliyosikika kabla hajapita daraja. Alichagua wasichana wanne tuliomaliza darasa la saba, akampeleka kila mmoja kwa mkulima mmoja, alee kitalu kimoja tangu kujaza udongo kwenye mifuko ya nailoni hadi miche kuhamia shambani. Ambaye angeonekana anafaa angepelekwa mafunzo na kuajiriwa. Mimi nilipelekwa kwa Bot Cherono, yaani mama yake Cherono, mjane wa miaka thelathini na kitu aliyekuwa na binti huyo mmoja wa miaka tisa. Nyumba yake kubwa ilikuwa ya mabati, yenye viti vilivyofunikwa vitambaa alivyodarizi mwenyewe, na hatukukaa humo ila siku ya wageni. Maisha yetu yalikuwa jikoni, kwenye nyumba ya duara iliyokandikwa, yenye dari ya fito iliyokaushia kuni, ukuta mweusi kwa moshi, na harufu ya vibuyu vya maziwa vilivyosuguliwa kwa mkaa. Mimi na Cherono tulilala upande wa kushoto wa mlango, kwenye ngozi moja, na yule mtoto alikuwa na mateke ya punda. Bot Cherono alicheka kwa sauti ya chini chini, akifunika mdomo, hata tulipokuwa sisi watatu tu na hakuna wa kumwonea haya.

Nilikuwa sijamaliza wiki mbili pale nilipojua ni kwa nini alikuwa na haraka ya chai. Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa. Shemeji zake wawili walikuja, tukawapikia kuku, na baada ya kula wao wakabaki kwenye viti vya vitambaa huku sisi tukirudi jikoni kuosha vyombo. Dirisha lilikuwa wazi. Mkubwa, Arap Mibei, alikuwa na sauti ambayo haikujua kunong'ona. "Hii shamba ya ndugu yetu inalala tu," alisema. "Wenzetu wamepanda, serikali inasema pandeni, hapa ni nyasi." Mdogo akajibu kitu ambacho sikukisikia, na Arap Mibei akasema, "Hapana, mimi si mtu mbaya. Tumpe mpaka mvua kubwa ya mwaka ujao. Ikikuta miche iko ndani ya ardhi, shamba ni yake na sitafungua mdomo. Ikikuta nyasi, mimi na wewe tutalima." Bot Cherono alikuwa anasugua sufuria kwa majivu. Hakuacha kusugua. Alinitazama tu, akasema, "Umesikia? Basi tuna mwaka mmoja." Baada ya hapo akaenda kuwamiminia chai, akawauliza habari za wake zao mmoja mmoja, na kicheko chake kidogo nikakisikia kupitia lile dirisha. Niliapa moyoni kwamba mimi ndiye nitakayemshikia lile shamba. Nilikuwa na miaka ishirini, na kuapa ilikuwa kazi rahisi.

Ninachotaka msomaji aelewe ni kwamba nilikuwa na kipaji, na kipaji hicho ndicho kilichotuponza. Siku ya kutufundisha udongo Nyamweya alitukalisha chini ya mti shuleni na madebe ya udongo wa namna namna. "Chukua kidogo, tia maji, finya," alisema. "Sasa viringisha kama kamba. Kunja. Ikivunjika hapo hapo, hiyo ni mchanga, maji itapita tu iende zake. Ikijikunja mpaka ikuwe pete bila kupasuka, hiyo ni ya kutengeneza chungu, mizizi itakosa pumzi. Ile tunataka inakubali kukunjwa kidogo, halafu inakatika." Wenzangu walisitasita, wakaonja, wakanusa. Mimi nilifumba macho, na kila alichoniwekea kiganjani nilikitaja bila kukosea, hadi akapiga makofi na kusema, "Huyu msichana amezaliwa na maabara kwa mkono!" Maneno hayo niliyabeba nyumbani kama zawadi. Aliendelea kusema, na hili nalikumbuka neno kwa neno kwa sababu limenikera maisha yangu yote: "Udongo ya kitalu ni ile nyekundu ya chini, si hii ya juu. Chimba futi mbili ndio uipate. Tafuta mahali pa makangaga, hapo chai inapenda. Mahali mboga inaota yenyewe, wacha, hapo kumekaa watu na ng'ombe." Hakutuambia sababu. Sikuuliza, maana nilikuwa bado nasikia yale makofi.

Shamba la Bot Cherono lilikuwa mteremko mrefu kutoka barabarani hadi kijitoni, na ungeweza kulisoma kwa nyayo tu. Kule juu udongo ulikuwa mwekundu na wenye kina, unaobonyea ukikanyaga, na makangaga yalisimama kiunoni, majani yake yamegawanyika kama unyoya wa kuku. Ukishuka, katikati, palikuwa na changarawe chini kidogo tu ya uso wa ardhi. Hapo majani yalikuwa makavu na mafupi, na hata fuko hakuhangaika kuchimba. Chini kabisa, karibu na maji, udongo ulikuwa wa kijivu na mzito, ukinata kwenye miguu, na kulikuwa na vyura na matete na ndege wadogo wekundu ambao hukuwaona mahali pengine popote. Hatua mia tatu, na kila udongo ulikuwa na watu wake. Kisha, hatua chache juu ya matete, nyuma tu ya jikoni, palikuwa na boma la zamani. Marehemu mumewe alifuga ng'ombe hapo miaka mingi, na moto wa kufukuza mbu na nzi uliwashwa hapo kila jioni. Alipokufa ng'ombe walichukuliwa na ndugu zake, fito zikaoza, na pakabaki duara la udongo mweusi uliojaa saga na managu na thabai inayowasha. Mboga hizo hazikupandwa na mtu. Tulizichuma karibu kila siku, Bot Cherono akazichemsha, akazitia maziwa, zikalala kwenye chungu hadi kesho yake ndipo uchungu ukatoka. Tulizila na ugali wa wimbi tukilamba vidole. Sijala mboga tamu kama zile tena, na ninasema hivi nikijua vizuri zilikuwa zinatuambia nini.

Tulianza kuchimba udongo mwekundu mwezi wa pili, kule juu kwenye makangaga. Kitalu kilikuwa chini karibu na kijito kwa ajili ya maji, kwa hiyo kila debe lilibidi lishushwe mteremko mzima mgongoni, kamba ikiwa imekaza kwenye paji la uso. Wiki ya kwanza tulijaza labda robo ya ile mifuko ya nailoni. Wiki ya pili Bot Cherono alianza kukohoa. Kilikuwa kifua chake cha siku nyingi, alisema, kitapita. Lakini nilimwona akisimama katikati ya mteremko, ameshika kigingi cha ua, debe bado mgongoni, midomo imekuwa ya kijivu, na alipogundua namtazama akajifanya anaangalia ndege. Jioni ile nilikwenda bomani kuchuma managu. Nikapiga jembe mara moja tu, likazama lote. Udongo ulitoka mlaini, mweusi, hauna jiwe wala mzizi mgumu. Nikautia mate, nikafinya, nikaviringisha. Ukakubali kukunjwa kidogo, kisha ukakatika. Nikarudia mahali pengine, na pengine. Ulikuwa barabara kabisa, bora hata kuliko ule mwekundu. Na ni nani kati yetu angeukataa? Kwetu boma likihamishwa, mahali lilipokuwa ndipo wimbi hupandwa kwanza, na mabua yake humpita mtu mzima. Mtoto wa Kipsigis hujua jambo hilo kabla hajajua kuhesabu.

Nilimwambia Bot Cherono kesho yake tukinywa chai. Akaweka kikombe chini. "Lakini Bwana Kilimo alisema ile nyekundu," akasema. "Alisema ile inakatika vizuri," nikamjibu. "Hii inakatika vizuri kushinda ile. Na iko hapa nyuma ya jikoni, mama, hatua ishirini tu." "Alisema pia mahali pa mboga tuwache." Nikacheka. Namwona hata sasa akinitazama, akitaka kuniamini na kuogopa. "Mama, huyo ni mtu wa ofisi," nikasema. "Mkono yangu haijawahi kukosea." Akatazama mikono yangu, akatazama mteremko kupitia mlangoni, akakohoa. "Haya," akasema. "Wewe ndio umesoma." Mifuko iliyobaki ilijaa kwa siku tisa. Hata ile robo ya kwanza tuliimwaga na kuijaza upya kwa udongo mweusi, kwa sababu nilitaka kitalu changu kiwe cha namna moja, kipendeze. Tulipanda vipandikizi mwezi wa tatu, kila kimoja jani moja na kikonyo kifupi cha shina, tukafunika kwa karatasi ya nailoni na kuziba pembeni kwa matope, na juu tukaezeka makangaga kuvipa kivuli. Huo ndio ulikuwa utumizi wetu wa makangaga.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya furaha, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Majani yalibaki ya kijani. Nyamweya alikuja mara mbili, akachungulia kupitia nailoni bila kuifungua, maana haitakiwi kufunguliwa ovyo, akasema, "Kijani kibichi! Nyinyi wanawake mtanifanya nipandishwe cheo." Bot Cherono alipona kifua. Alianza kuchimba mashimo ya chai kwenye mteremko, mistari iliyonyooka, akiimba nyimbo za kanisa. Alimwambia Cherono kwamba akifika darasa la saba ataendelea mbele, maana chai itamsomesha, na yule mtoto akaanza kuniuliza maneno ya Kiingereza usiku ngozini badala ya kunipiga mateke. Mwezi wa nane niliinua pembe moja ya nailoni kunyunyiza maji, na sijui ni shetani gani alinituma, nikavuta kipandikizi kimoja, kidogo tu, nione mizizi. Kilitoka bila kung'ang'ana. Kule chini hakukuwa na mzizi hata mmoja. Kulikuwa na kivimbe cheupe, kikubwa kama punje ya njugu, laini, kimefunga mwisho wa shina. Nikavuta cha pili. Kivimbe. Nikavuta cha upande mwingine kabisa wa kitalu, kisha cha katikati. Kila kimoja kilikuwa na jani la kijani juu na uvimbe chini, kinaishi kwa akiba yake mwenyewe, hakijui kwamba hakina pa kwenda.

Sikusema. Nilivirudisha vyote mahali pake, nikaibonyeza nailoni kwenye matope, nikanawa mikono kijitoni. Nilijiambia kwamba mizizi itatoka humo kwenye vivimbe, kwamba labda hii ni aina inayochelewa. Jioni hiyo Bot Cherono alinipakulia mboga nyingi kuliko yake. "Mbona hauli?" akauliza. Nikasema tumbo linaniuma. Akanipikia uji na kunipepea mpaka ukapoa, nami nikaunywa wote huku sithubutu kumtazama. Nilikaa hivyo mwezi wa nane, wa tisa, wa kumi, wa kumi na moja. Leo naweza kumweleza mkulima yeyote kwa nini ilikuwa vile: chai ni mti unaopenda uchachu, yaani asidi, kwenye udongo, na udongo uliolishwa mavi ya ng'ombe na majivu miaka mingi uchachu wake umekufa. Mboga za nyumbani huupenda kwa sababu hiyo hiyo, na makangaga huukimbia kwa sababu hiyo hiyo. Vidole vinajua mchanga na mfinyanzi, vinajua kama maji yatapita au yatakaa. Uchachu havioni. Lakini kutojua mwezi wa pili ni jambo moja, na kunyamaza kuanzia mwezi wa nane ni lingine. La kwanza nimelisamehe.

Nyamweya alikuja mwanzoni mwa mwaka uliofuata kuandikisha miche. Alifungua nailoni, akavuta kipandikizi kimoja akitabasamu, na tabasamu likamkauka. Akavuta vingine kama ishirini, akavipanga ardhini. Kisha akatumbukiza kidole kwenye mfuko, akatoa udongo, akautazama ule weusi wake. "Nani alitoa hii udongo kwa boma?" akauliza. Hakupiga kelele, na ingekuwa heri angepiga. "Kule kitalu cha Chepseon walikuwa na miche ya ziada. Wamemaliza kugawa mwezi jana. Mngeniambia mapema, ningewatolea hiyo. Sasa nitatoa wapi? Nani alichagua hii?" Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Lakini kabla sauti haijatoka Bot Cherono alisema, "Ni mimi." Nyamweya akamtazama. "Msichana alinikataza," akasema Bot Cherono, akipangusa mikono kwenye leso. "Alisema tuchukue nyekundu. Mimi nilikuwa mgonjwa, nikachoka, nikachukua hii wakati hayuko. Usimwandike vibaya, Bwana Kilimo. Yeye amefanya kazi." Alisema uongo ule kwa utulivu wa mtu anayetoa ushuhuda kanisani. Nami nikasimama pale kando yake, nikatazama miguu yangu, nikakubali.

Nilipelekwa mafunzo mwezi wa tatu. Mvua kubwa ilianza mwezi wa nne ikakuta mashimo matupu yaliyonyooka vizuri sana, na Arap Mibei, ambaye kwa kweli hakuwa mtu mbaya, alifanya alichosema. Bot Cherono alikwenda Soin, bondeni kwenye joto, ambako kaka yake alimkatia kipande cha udongo mweusi mwingine kabisa, ule unaopasuka kiangazi hadi mguu wa mbuzi unaingia, na ukinyeshewa unashika jembe usiliachie. Alipanda mtama. Cherono aliacha shule darasa la tano akachunga mbuzi. Mimi nikawa mwalimu wa vitalu, nikapewa baiskeli, baadaye pikipiki, na kila kundi la wakulima nililofundisha nililipigia kelele juu ya maboma ya zamani mpaka wakanipa jina la utani. Nilikwenda Soin mara mbili tu kwa miaka yote hiyo. Nilipeleka sukari na majani ya chai. Mara zote mbili tuliketi, tukala, akacheka kile kicheko chake, nikarudi sijasema.

Ijumaa walimzika nyuma ya nyumba yake. Cherono mwenyewe, sasa ni mama mzima mwenye mvi, ndiye aliyesoma historia ya marehemu, na humo palikuwa na sentensi iliyosema kwamba mama alipoteza shamba la juu baada ya kukosea udongo wa kitalu. Watu walitikisa vichwa kwa huruma. Baada ya kaburi kufunikwa nilimfuata mpaka nyuma ya hema, walikokuwa wakipakua chakula. "Cherono," nikasema, "ule udongo wa kitalu haukuchaguliwa na mama yako." Hakushtuka. "Auntie, najua," akasema. "Na mimi nilibeba, na kadebe kangu. Umesahau? Ni wewe ulituonyesha pa kuchimba." Nilikuwa nimesahau kabisa. Miaka yote kichwani mwangu nilimweka ngozini amelala, au shuleni, mahali popote ila pale. Nikamuuliza kwa nini basi ameandika vile. "Mama alisema iandikwe hivyo. Alisema una jina kwa watu." Akafunika sufuria ya mchele, akatazama kando. "Lakini alikuwa anakungojea. Kila mtu akitoka huko juu, anauliza kama umetuma neno. Mwezi wa mwisho nilichoka, nikamdanganya. Nilimwambia umepiga simu, umelia, umeomba msamaha." Nikauliza mama alijibu nini. "Alisema, 'Nilijua atasema.' Akalala mpaka asubuhi, bila dawa." Nilitaka kumshika mkono. Alikuwa tayari ameinua sinia ya nyama, akaniambia nimpishe apite, watu wa mbali walikuwa hawajala.